Kipunguzaji cha fokasi kwenye darubini: tukinunue kwa ajili ya uwanja wa picha, na tupime milimita kabla ya kuilaumu lenzi

Mwanzisha uzi

Habari zenu wapenzi wa anga.

Katika mijadala mingi ya upigaji picha za anga, kipunguzaji cha fokasi husifiwa kwa jambo moja tu: kwamba kinaipa darubini kasi, yaani picha iliyohitaji saa nzima ya kukusanya mwanga inapatikana kwa nusu saa au pungufu. Sifa hiyo ina ukweli, lakini ni ukweli uliokatwa katikati, na kipande kilichoachwa ndicho kinachowafanya wengi wainunue lenzi hii kwa sababu isiyo yake na baadaye waione haifai. Nimefungua uzi huu ili tulizungumze jambo hili kwa hesabu. Hesabu zenyewe si ngumu, na zinajibu maswali mengi kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kipunguzaji ni lenzi, au kwa kawaida kundi la lenzi mbili au zaidi, linalofungwa kati ya darubini na kamera. Miale inapofika hapo tayari inaelekea kukutana. Kipunguzaji kinaikunja zaidi ili ikutane mapema, na kwa sababu hiyo darubini inatenda kana kwamba urefu wake wa fokasi umefupishwa. Ni kinyume kamili cha lenzi ya Barlow, ambayo hurefusha fokasi. Kipenyo cha darubini hakiguswi hata kidogo, na naomba jambo hili lishikwe vizuri, kwa kuwa yote yanayofuata yanalitegemea.

Chukua darubini ya Schmidt-Cassegrain (aina inayotumia vioo pamoja na lenzi nyembamba mbele) ya inchi 8 ya Celestron, yenye kipenyo cha milimita 203. Urefu wake wa fokasi ni milimita 2,032, na ukiugawanya kwa kipenyo unapata uwiano wa fokasi wa 10, yaani f/10. Ukiifungia kipunguzaji cha 0.63, urefu unashuka hadi milimita 1,280 hivi na uwiano unakuwa f/6.3. Kwa kamera yenye sensa ya ukubwa wa APS-C, takriban milimita 23.5 kwa 15.7, uwanja unaoonekana bila kipunguzaji ni digrii 0.66 kwa 0.44. Mwezi una upana wa nusu digrii hivi, kwa hiyo hauenei katika kimo cha picha hiyo. Lazima ukatwe juu au chini. Ukifunga kipunguzaji, uwanja unapanuka hadi digrii 1.05 kwa 0.70, na Mwezi wote unaingia ukiwa na nafasi kila upande. Eneo la anga linaloingia katika picha limeongezeka mara mbili na nusu, kwa kamera ileile na darubini ileile.

Sasa tuje kwenye kasi. Watu hugawanya 10 kwa 6.3, wakazidisha jibu kwa lenyewe, wakapata 2.5, wakahitimisha kwamba darubini imekuwa na kasi mara mbili na nusu. Kwa mtazamo wa pikseli mojamoja ni kweli: kila pikseli sasa inapokea mwanga mara mbili na nusu zaidi. Lakini tujiulize mwanga huo umetoka wapi. Galaksi ya M51 inatuma idadi ileile ya fotoni kwa sekunde katika kipenyo kilekile cha milimita 203, na kipunguzaji hakiwezi kuongeza hata fotoni moja; kwa hakika kinapoteza chache, kwa sababu kila uso wa kioo huakisi mwanga kidogo. Kilichotokea ni kwamba taswira ya galaksi imesinyaa hadi asilimia 40 ya eneo lake la awali kwenye sensa, na fotoni zilezile zimekusanyika katika pikseli chache zaidi. Galaksi imekuwa angavu zaidi na ndogo zaidi kwa wakati mmoja. Mtu aliyepiga picha kwa f/10 akaipunguza ukubwa kwa programu, kwa kuunganisha pikseli jirani, atapata kitu kinachokaribia sana matokeo hayohayo, isipokuwa tofauti inayoletwa na kelele ambayo kamera huiongeza kila inaposoma sensa. Katika kamera za siku hizi zenye sensa za aina ya CMOS kelele hiyo ni ndogo, na pale ambapo mwangaza wa anga umeifunika, tofauti inayobaki ni ndogo sana.

Faida isiyo na ubishi ni uwanja. Kitu kikiwa kikubwa kuliko picha, kama Nebula ya Orioni, ambayo ina upana wa digrii moja hivi, mwenye f/10 analazimika kupiga vipande kadhaa na kuviunga, na kila kipande kinadai saa zake. Mwenye kipunguzaji anakipata kitu hicho kwa vipande vichache zaidi, wakati mwingine kwa kimoja. Hapo kasi ni ya kweli, na imetokana na upana wa anga linaloingia katika picha moja. Ndiyo maana nasema kwamba anayelenga galaksi ndogo au nebula ya pete ya M57, ambayo upana wake haufiki dakika mbili za tao (dakika ya tao ni sehemu moja ya sitini ya digrii, na sekunde ya tao ni sehemu moja ya sitini ya dakika hiyo), hana sababu kubwa ya kufunga lenzi hii.

Kuna upande mwingine ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao ni kiasi cha anga kinachoangukia pikseli moja. Kanuni yake ni hii: zidisha ukubwa wa pikseli kwa mikroni na 206.265, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Jibu ni sekunde za tao kwa kila pikseli. Kwa pikseli za mikroni 3.76, ambazo ni za kawaida katika kamera nyingi za sasa, darubini yetu ya milimita 2,032 inatoa sekunde 0.38 kwa pikseli. Usiku wa kawaida angahewa hutikisa mwanga wa nyota na kuufanya doa la sekunde mbili hadi nne, na inatosha doa hilo lifunike pikseli mbili au tatu kwa upana. Ukiwa na sekunde 0.38, doa la sekunde tatu linaenea pikseli karibu nane. Umegawa mwanga vipande vidogo bila kupata maelezo mapya. Kwa kipunguzaji unafika 0.61, na doa hilohilo linakuwa pikseli tano. Bado ni nyingi, lakini hakuna cha maana kilichopotea. Kwa darubini ndefu kama hizi, basi, kipunguzaji kinarekebisha ulinganifu kati ya darubini, kamera na angahewa, na mfumo wa kufuata nyota nao unapata nafuu, kwa kuwa makosa madogo ya kiweko hayaonekani sana katika fokasi fupi.

Kinachodai uangalifu zaidi ni kufokasi. Masafa ambayo sensa inaweza kukaa na picha ikabaki kali yanapungua kwa mraba wa uwiano wa fokasi: kwa mwanga wa kijani ni kama mikroni 268 kwa f/10, na mikroni 106 tu kwa f/6.3. Joto la usiku likishuka na bomba la darubini likasinyaa, mwenye f/6.3 atalazimika kufokasi upya mapema kuliko alivyozoea.

Nimalizie na jambo ambalo naliona ndilo chanzo cha malalamiko mengi: umbali kati ya kipunguzaji na sensa. Namba iliyoandikwa kwenye lenzi, iwe 0.63 au 0.8, ni ya kweli katika umbali mmoja tu. Ili kujua kinachotokea katika umbali mwingine, chukua umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye sensa, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa kipunguzaji chenyewe, kisha jibu ulitoe katika moja. Tuseme kipunguzaji kina fokasi ya milimita 250. Sensa ikiwa milimita 50 nyuma yake, upunguzaji ni 0.8, ikiwa 75, ni 0.7; ikiwa 100, ni 0.6. Mtu anaweza kudhani basi kwamba atasogeza kamera nyuma tu na kujipatia uwanja mpana apendavyo. Picha itapungua kweli, lakini lenzi ilisanifiwa kusawazisha dosari za darubini katika umbali uliotajwa na mtengenezaji, na ukiuacha umbali huo nyota za pembeni zitaharibika hata kama za katikati zinabaki duara. Kipunguzaji cha 0.63 cha Celestron kinadai milimita 105. Vingi vilivyotengenezwa kwa darubini za lenzi vinadai 55. Tafadhali someni karatasi ya kifaa chenu kabla ya kufunga chochote.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo yaliyopangika. Nina darubini ya lenzi ya milimita 80 yenye fokasi ya milimita 480, kipunguzaji cha 0.8, na kamera ya Canon yenye kioo ndani. Nyota za katikati ni nzuri lakini za pembeni zimevutika kama zinakimbia kutoka katikati ya picha. Muuzaji alinihakikishia kwamba umbali ni sahihi. Nifanye nini? Na je, kwa darubini fupi kama hii nilihitaji kipunguzaji kweli?

Mwanzisha uzi

Ndugu, nianze na swali lako la pili. Bila kipunguzaji uwanja wako kwa sensa ya APS-C ni digrii 2.8 kwa 1.9. Ukiwa nacho, fokasi inakuwa milimita 384, uwiano f/4.8, na uwanja digrii 3.5 kwa 2.3. Galaksi ya Andromeda ina urefu wa digrii tatu hivi, kwa hiyo kabla ya hapo mikono yake ingekatika na sasa inaenea. Kilimia nacho, chenye upana wa karibu digrii mbili pamoja na nyota zake za pembeni, kinapata nafasi ya kuonyesha vumbi linalokizunguka. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi kwako: darubini ya lenzi ya kawaida haitoi taswira iliyo bapa, bali iliyojipinda, ilhali sensa ni bapa. Vipunguzaji vingi vya darubini za lenzi husahihisha mpindo huo pia, na bila hicho ungehitaji lenzi nyingine ya kunyoosha uwanja. Kwa hiyo ulifanya vyema.

Kuhusu nyota: kamera za Canon za aina ya EF zina milimita 44 kutoka mdomo wa kamera hadi sensa, na pete ya kuunganishia ina 11, jumla ni 55. Za Nikon zina 46.5 na pete yake ina 8.5, jumla ni ileile. Umbali huu wa 55 ulirithiwa kutoka katika mfumo wa T wa lenzi za picha, na watengenezaji wa vifaa vya anga wakaufanya kawaida. Muuzaji wako basi yuko sahihi endapo kipunguzaji chako kinadai 55. Lakini vipo vinavyodai umbali tofauti, na vipo ambavyo umbali wake hutegemea urefu wa fokasi wa darubini iliyofungwa, hasa vile vinavyouzwa kwa darubini za aina nyingi. Nyota za pembeni zikivutika kuelekea nje kutoka katikati, mara nyingi sensa iko karibu mno na kipunguzaji. Zikivutika kwa kuzunguka katikati, mara nyingi iko mbali mno. Tafuta pete nyembamba za nusu milimita na za milimita moja, ongeza moja kwa wakati, na upige picha fupi ya eneo lenye nyota nyingi kila unapobadilisha.

Kabla ya hapo angalia pembe zote nne. Ikiwa pembe moja ni mbaya na ile iliyo mkabala nayo ni nzuri, tatizo ni mwinamo wa kamera, si umbali, na hakuna pete itakayoliponya.

Mchangiaji wa pili

Naomba kutofautiana kidogo kuhusu kasi. Mimi hutumia filta zinazopitisha mkanda mwembamba sana wa mwanga, wa hidrojeni na wa oksijeni. Mwangaza wa anga ukishachujwa kiasi hicho, kelele ya kusoma sensa haifunikwi upesi, hata kwa picha za dakika tano. Hapo kila pikseli inayopokea mwanga zaidi inanisaidia kwa dhati, na tofauti kati ya f/7 na f/5 naiona wazi.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni sahihi na inaziba pengo lililokuwa katika maelezo yangu. Sharti nililoweka ni kwamba mwangaza wa anga uwe umeifunika kelele ya kamera, na kwa filta nyembamba sharti hilo halitimii kirahisi, hasa chini ya anga lenye giza la kweli. Anayepiga kwa mkanda mwembamba ana sababu ya pili ya kufunga kipunguzaji, mbali na uwanja. Niongeze tahadhari moja tu: filta hizo hufanya kazi kwa matabaka membamba yaliyopimwa kwa mwanga unaoingia wima, na kadiri miale inavyoingia kwa pembe kali, ndivyo mkanda unavyosogea kuelekea upande wa bluu. Kwa f/5 si jambo la kuhofia. Kwa f/3 au chini yake, filta nyembamba sana inaweza kuanza kuukata mwanga uleule unaoutafuta, na ndiyo maana zipo zilizotengenezwa mahususi kwa darubini za kasi.

Kwa kuwa filta zimetajwa: kioo chake kinasogeza fokasi nyuma kwa karibu theluthi moja ya unene wake. Filta ya milimita 2 ikikaa kati ya kipunguzaji na sensa, umbali wa 55 unapaswa kupimwa kama 55.7 hivi. Wenye kamera maalumu za anga hukutana na jambo hili mara kwa mara. Kamera zao nyingi zina milimita 17.5 kutoka mdomoni hadi kwenye sensa, huongezewa pete za 21 na 16.5 zikatimia 55 kamili, kisha filta inaingia katikati na hesabu inapungukiwa bila wao kujua.

Mchangiaji wa tatu

Darubini yangu ni ya Newton, ya milimita 150. Nilipofunga kipunguzaji cha bei nafuu, sikuweza kupata fokasi kabisa hata baada ya kuingiza mrija wa fokasi hadi mwisho. Je, kifaa ni kibovu?

Mwanzisha uzi

Huenda kifaa ni kizima kabisa, ndugu. Kwa kuwa kipunguzaji kinaikutanisha miale mapema, kamera lazima isogee ndani kuelekea kwenye darubini. Kiasi cha kusogea kinapatikana hivi: gawanya umbali wa kipunguzaji hadi sensa kwa namba ya upunguzaji, kisha toa umbali wenyewe. Kwa 0.8 na milimita 55, ni karibu milimita 14. Kwa 0.63 na 105, ni milimita 62. Schmidt-Cassegrain inavumilia hilo kwa sababu inafokasi kwa kusogeza kioo kikuu na ina masafa marefu. Darubini nyingi za Newton hazina nafasi hiyo, maana mrija wake wa fokasi umepangwa kwa ajili ya macho na miale inakutana karibu na ukuta wa bomba. Suluhisho ni kukisogeza kioo kikuu mbele ndani ya bomba au kufunga mrija wa fokasi ulio mfupi zaidi.

Hata hivyo nisingekushauri uanzie hapo. Dosari kubwa ya kioo cha Newton ni koma, ile inayozipa nyota za pembeni mkia, na kipunguzaji cha kawaida hakikusanifiwa kuiondoa. Kinachokufaa ni kirekebisha koma, na ukitaka uwanja mpana zaidi vipo virekebishaji vinavyopunguza fokasi hapohapo. Angalia namba yake kabla ya kununua, kwa maana si vyote vinavyopunguza: Paracorr ya Tele Vue, kwa mfano, inarefusha fokasi kwa 1.15.

Mchangiaji wa nne

Mimi nina Celestron EdgeHD ya inchi 8, na nimepewa kipunguzaji cha zamani cha 0.63. Naweza kukitumia? Na picha zangu za majaribio zina giza katika pembe zote.

Mwanzisha uzi

EdgeHD tayari ina lenzi ndani ya mrija wake wa nyuma zinazonyoosha uwanja. Kile cha 0.63 kilisanifiwa kwa darubini zisizo na lenzi hizo, hivyo kitasahihisha mara ya pili jambo lililokwisha kusahihishwa, na pembe zitaharibika. Ipo ya 0.7 iliyotengenezwa mahususi kwa modeli hiyo. Inaishusha hadi milimita 1,422, yaani f/7, na umbali wake ni milimita 105. Usiutumie umbali wa darubini bila kipunguzaji, ambao kwa modeli yako ni milimita 133.35.

Giza la pembeni lina sababu rahisi. Duara la mwanga linalotoka kwenye darubini linasinyaa pamoja na taswira: lililokuwa na kipenyo cha milimita 40 linakuwa 25 kwa upunguzaji wa 0.63. Ulalo wa sensa ya APS-C ni milimita 28, na wa fremu kamili ni 43. Sensa ndogo ya Four Thirds, yenye ulalo wa milimita 22 hivi, ingekaa ndani ya duara hilo. Yako, ikiwa ni ya APS-C, inatoka nje kidogo. Giza la wastani linasawazishwa kwa picha za marejeo zinazopigwa darubini ikielekezwa kwenye mwanga ulio sawa kila mahali, na kipunguzaji, kamera na fokasi vikiwa vilevile bila kuguswa. Kwa kipunguzaji picha hizi ni za lazima. Lakini pembe iliyokosa mwanga kabisa haiokolewi na hesabu yoyote, hiyo ikatwe.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeongeza pete ya milimita moja na nyota zimetulia, isipokuwa katika pembe moja. Nitashughulikia mwinamo. Nitajuaje kama sasa kipunguzaji kinafanya kazi kwa 0.8 kweli?

Mwanzisha uzi

Ipeleke picha yako katika programu inayotambua nyota na kukokotoa mahali picha ilipopigwa angani. Itakupa sekunde za tao kwa pikseli kwa usahihi mkubwa. Zidisha ukubwa wa pikseli na 206.265, gawanya kwa namba hiyo, na utapata urefu halisi wa fokasi. Kwa darubini ya milimita 2,032 na pikseli za mikroni 3.76, kwa mfano, jibu la 0.63 kwa pikseli linamaanisha fokasi ya milimita 1,231, yaani upunguzaji wa 0.606, na hapo mtu anajua kwamba kamera imekaa nyuma zaidi ya inavyotakiwa. Kwako lenga milimita 384. Ukipata 380 au 388 na nyota ni duara, acha kama ilivyo, maana umbo la nyota lina uzito kuliko namba iliyochapwa kwenye lenzi. Ushughulikie mwinamo kwanza, kisha upime tena, kwa sababu kukaza skrubu za kiweko cha kamera kunaweza kuubadilisha umbali wenyewe kwa sehemu ya milimita.